Kilo Mbili za Karatasi

Nilikinunua kwa mizani, nyuma ya soko la Newala,
kilo mbili za karatasi kuukuu za kufungia karanga:
madaftari ya darasa la sita, risiti za chama cha msingi
za msimu ule korosho zilipokopwa na hela haikuja,
na humo katikati, kimevuliwa jalada, kitabu.

Maneno yake sikuyajua. Mchopa wa maabara,
aliyesomea Ndanda, akanusa ukurasa, akasema,
"Kihispania hiki," kisha akadai karanga za bure
kwa elimu aliyonipa.

Basi maneno nikayauza.
Mia mbili mbili, yamekunjwa pembe,
yakashuka barabara ya Kitangari mikononi mwa watoto,
yakalowa chumvi, yakatupwa stendi.
Picha sikuziuza.

Maana picha zile hazikuchorwa, zilichanjwa.
Weka jicho karibu: hakuna kivuli pale,
kuna mistari tu, myembamba kama unywele wa kichanga,
imelala ubavu kwa ubavu, na penye giza
imepitiwa tena na mingine, mshazari,
mpaka usiku ukapatikana kwa ncha ya chuma.

Mtu mrefu, mkavu kama makopa ya mwaka jana,
amevaa mabati. Farasi wake, mbavu unazihesabu bila kumgusa.
Nyuma yao mnene mmoja juu ya punda,
uso wa mtu anayejua chakula kimebaki wapi.

Bibi Somoe, mama wa mama yangu, macho yamezimika
ila kidole kinaona. Nikampa ukurasa.
Wino ulikuwa umeinuka kidogo, kidogo sana.
Akapapasa shavu la yule mrefu, akanyamaza,
akapapasa shavu lake mwenyewe,
pale nembo inapokata kona chini ya jicho,
kazi ya Nalyenga wa Mnyambe, kisu na masizi ya mbarika.

"Huyu kachanjwa," akasema. "Alilia?"
Nikamwambia ni karatasi, bibi.
"Nimekuuliza, alilia?
Mimi sikulia. Dada yangu, kule ng'ambo ya Ruvuma, alilia,
mkono wa fundi ukateleza, mstari ukapinda,
akaolewa na mstari wake uliopinda,
akazikwa nao."

Tangu siku hiyo, nikirudi na beseni tupu,
hunitaka nimsomee.
Nasoma nini? Nasoma mikwaruzo.
Nikikosea hunirudi, kana kwamba alikuwapo.

Kuna ile ya mnara wenye mapangaboi manne makubwa,
na mrefu anaukimbilia, mkuki mbele.
Mimi nilisema: kichaa.
"Ni mtambo wa maji," akasema bibi.
"Umegoma kutoa maji. Ungekuwa umeshuka bondeni kwa ndoo
alfajiri ukarudi jua la utosi, nusu imemwagika,
nawe ungeupiga."
Sikuwa na jibu. Madumu yetu yalikuwa matupu
tangu Jumanne.

Ukurasa mmoja uliniponyoka.
Siku ya mnada wa korosho, watu tele, mikono mbio,
nilikunja bila kutazama.
Nilipong'amua, dereva wa lori alishaupokea, anatafuna,
anakanyaga moto kuelekea Masasi.
Nakumbuka kitanda tu. Watu wameinama. Mnene
ameuficha uso kwenye kofia, na ukutani
mistari imepandana, imepandana, hadi nyeusi.

Nilimficha bibi wiki mbili.
Lakini kidole kinajua kuhesabu.
"Hapa pamechanika," akasema. "Kulikuwa na nini?"

Nikameza mate. Nikasema: mwisho wake, bibi.
Umekwenda Masasi.

"Masasi?" Akacheka hadi kikohozi kikamshika.
"Kwa farasi huyu?"
Akalamba kidole, akarudisha kurasa nyuma,
akaanza kumtafuta punda.